Mbunge Ampatia Mzee Wasil Gari

Jumatatu ile Wasil Yurkanin alikuwa amekwisha vaa koti na kofia, amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu jikoni, blanketi magotini, akingoja honi ya jirani yake Eugene Sabol. Kawaida Eugene hupiga honi mara mbili fupi, kisha huja mwenyewe kumteremsha mzee ngazi za kibaraza. Leo honi haikulia. Verna, mkewe Wasil, alichungulia dirishani, akachungulia tena, halafu akaacha maana aliona anajitia wazimu bure.

"Labda gari lake limeharibika," Wasil alisema.

"Lingeharibika si lingekuwa pale pale, limeharibika? Halipo."

Wasil alikuwa na miadi na mashine ya kusafisha damu kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa tano, katika mji wa Millard, ng'ambo ya mlima. Figo zake zilishaaga dunia kabla yake, kama alivyopenda kusema mwenyewe, na mashine ile ndiyo iliyokuwa ikimweka hai. Si jambo la kusema leo nimechoka, nitakwenda kesho. Verna alichukua simu akampigia Eugene. Upande wa pili kulikuwa na kelele za mikokoteni na watu wakiitana.

"Eugene, baba, tunakungoja."

"Mnaningoja mimi? Mama Yurkanin, mimi niko ghalani, nimeingia zamu."

"Leo Jumatatu."

"Najua ni Jumatatu." Sauti ya Eugene ilibadilika. "Si mmepata gari? Nimesoma. Mimi si mtu wa kinyongo, mama, lakini mngeniambia. Nimeacha zamu ya asubuhi tangu mwezi wa nane kwa ajili ya mzee, halafu habari nakuja kuzisoma kwenye karatasi ya Ruckley kama mpita njia. Kweli shukrani ya punda ni mateke."

"Gari gani, Eugene?"

"Mama, mmepigwa picha."

Verna alikata simu bila kuaga. Alikwenda kwenye ndoo ya taka, akapekua maganda ya viazi vya jana, akatoa jarida la mbunge wao, Mheshimiwa Duane Ruckley. Jarida hilo lilikuja kila baada ya miezi michache, karatasi nzuri ya kung'aa, na kazi yake katika nyumba ile ilikuwa moja tu, kutandikwa mezani wakati wa kumenya viazi. Alilipangusa kwa kiganja. Juu kabisa paliandikwa: MBUNGE AMPATIA MZEE WASIL GARI. Chini yake alikuwa Wasil katika koti lake la kanisani. Mheshimiwa alikuwa amemwekea mkono begani, meno yote nje, na Wasil, mume wake wa ndoa, alikuwa ameinua kidole gumba.

"Nani alikutuma uinue kidole?" Verna aliuliza.

Wasil aliitazama picha ile kwa muda. "Aliniambia niinue. Na alikuwa amenipa kahawa."

Huo ndio ugonjwa wa watu wa Brannock, na si wa figo. Mtu wa Brannock ukimpa kahawa, huwezi tena kumsikia akikwambia hapana. Babu zao waliishi hivyo chini ya machimbo ya makaa ya mawe, baba zao wakaishi hivyo, na hawa waliobaki wanaendelea, wanamwinulia kidole kila anayewashika bega.

Mambo yalikuwa hivi. Mwezi wa nane, kampuni iliyopewa kazi ya kuendesha basi dogo la wazee la kaunti ilisema haipandi tena mitaa iliyo juu ya kanisa, maana madereva ni wachache na mlima ni mkali. Verna akamvalisha mumewe, Eugene akawashusha hadi ofisi ya mbunge. Mficha uchi hazai, alijiambia, na akaeleza shida yake yote. Bi Kaylin wa ofisini alisikiliza vizuri, akapiga simu kaunti mbele yao, akaambiwa jambo hilo litaangaliwa. Mheshimiwa akatokea mlango wa ndani kwa muda wa picha moja, akarudi ndani. Kumbe picha ndiyo iliyokuwa msaada wenyewe, na lile gari la jarida ndilo basi hilo hilo lisilorudi.

Basi Jumatatu hii ya honi Wasil hakwenda Millard. Muuguzi wa kituo alimpa nafasi ya Jumanne alfajiri, na Verna aliita teksi iliyotoka mbali, dola arobaini kwenda na arobaini kurudi, pesa ya mafuta ya kupashia nyumba joto. Usiku wa kuamkia Jumanne Wasil alilala ameketi, maana akilala chali maji yalimjaa kifuani. Miguu ilivimba hadi soksi zikaacha alama. Verna alikaa naye, na hasira iliyompanda usiku ule haikushuka tena.

*

Jumanne mchana, Wasil akiwa amelala, alipiga simu kaunti. Mwanamke aliyepokea alikuwa mchangamfu.

"Yurkanin? Wa Brannock? Wee mama, nimewaona kwenye jarida. Tumelibandika hapa ukutani. Hongereni."

"Hongera ya nini? Basi halijaja."

"Hapana, mama, hilo lenu limetatuliwa."

"Nani kakwambia?"

"Si ofisi ya mbunge? Wameandika."

"Na wao wameandika kwa kuwa ninyi mliwaambia mtaliangalia."

Yule mwanamke, bila ubaya wowote, akasema angeweza kufungua lalamiko jipya, ila malalamiko mapya yanachukua majuma sita, na Verna akamshukuru kwa adabu kwa sababu na yeye ni mtu wa Brannock. Alipoweka simu chini alijisonya mwenyewe.

Jumatano, kwa kuwa mashine ya Jumanne ingemfikisha Wasil Ijumaa, Verna alishuka mlima kwa miguu peke yake. Barabarani alikutana na Padri Hlavac, ambaye alimshika mikono miwili na kumwambia amefurahi sana, na kwamba ule mchango wa mafuta ya gari la Eugene, waliokuwa wakiupitisha baada ya misa, sasa wameuelekeza kwenye paa la kanisa. Dukani mwenye duka alimwambia, "Siku hizi ninyi wakubwa." Kila hongera ilimchoma. Alitaka kusema hapana, hatuna kitu, lakini ukikanusha mema unaonekana mchawi, akameza mate na kuendelea kutembea.

Ofisi ya mbunge ilikuwa na joto zuri na harufu ya kahawa. Bi Kaylin, mwanamke wa miaka thelathini na kitu mwenye sauti ya upole, aliinuka mara moja.

"Mama Verna, karibu. Mzee hajambo? Nikupe kahawa?"

"Sitaki kahawa."

Bi Kaylin aliketi tena polepole. Verna akaliweka jarida mezani, lenye madoa ya viazi.

"Mmeandika uongo."

"Lo, mama, uongo ni neno kubwa. Kaunti walituambia wanalishughulikia. Sisi tukaelewa limekwisha. Labda tulitangulia kidogo."

"Mlitangulia, mkatuacha nyuma. Jirani aliyekuwa akimpeleka mume wangu kasoma, kachukua zamu yake. Kanisa limesoma, limeacha kuchanga. Kaunti wenyewe wametubandika ukutani. Tulipokuwa hatuna kitu tulikuwa na watu. Sasa mmetupa gari la karatasi, watu wameondoka. Andikeni kwamba haikuwa kweli."

Bi Kaylin aliona aibu, na ilikuwa aibu ya kweli, Verna aliiona. Mtoto wa watu hakuwa mbaya. Alieleza kwamba uchaguzi uko karibu, na kuanzia juma hili sheria hairuhusu mbunge kutuma majarida kwa wananchi kwa pesa ya serikali. Kwa hiyo hata wangetaka kusahihisha, hawawezi mpaka uchaguzi upite.

"Yaani uongo uliwahi basi, ukweli umechelewa."

"Si hivyo, mama." Alisogea karibu akapunguza sauti. "Ngoja nikwambie. Ijumaa tuna Siku ya Wazee pale ukumbi wa zimamoto. Mheshimiwa atakuwepo. Njooni tu, mle, mtabasamu. Mimi nitatafuta mtu wa kumpeleka mzee, kimya kimya, majuma mawili haya mpaka kura zipite. Ila tusiliongee hili mbele za watu. Sawa, mama yangu?"

Verna alilifikiria, na anayesema kwamba yeye asingelifikiria hajawahi kulala kando ya mtu anayetafuta pumzi. Majuma mawili ni safari sita. Safari sita ni Wasil mzima.

"Na baada ya kura?"

Bi Kaylin akavuta droo, akampa kisanduku cha plastiki cha kupangia vidonge, chenye jina la mheshimiwa juu ya kila siku ya juma.

*

"Kubali," Wasil alisema jioni, akila viazi vyake visivyo na chumvi. "Majuma mawili si haba. Tutaaibika bure mbele ya watu wote."

"Aibu gani iliyobaki? Padri ananipongeza barabarani."

"Nazungumzia yangu mimi. Kusukumwa mbele ya ukumbi mzima kama jokofu bovu."

Verna aliweka uma chini. Miaka arobaini na nane ya ndoa, na alijua mahali hasa pa kumgusa mtu huyu, wala hakutaka kupagusa, lakini alipagusa. "Siku ile ya picha, Wasil, ulijua kwamba hawajafanya kitu?"

Wasil alitafuna muda mrefu. "Nilijua. Nilimwona akiitazama kamera, hakunitazama mimi. Nikasema basi, huenda nikiwa mtu mwema watakumbuka."

"Umekuwa mtu mwema miaka sabini na minne. Nani kakukumbuka?"

"Eugene alikumbuka."

"Na Eugene wamekunyang'anya."

Wasil alimaliza viazi vyake. Kisha akasema, "Nivalishe lile koti jipya. La kanisani wamekwisha liona."

*

Ukumbi wa zimamoto ulikuwa chini ya mlima, mitaa mitatu. Verna alikiteremsha kiti cha magurudumu kinyumenyume, yeye akiwa chini na mgongo kwa barabara, Wasil akikaza breki kwa mikono miwili kila alipoambiwa. Walikwenda hivyo nyumba kwa nyumba. Viganja vilimwaka moto.

"Tukishafika chini huwezi kunirudisha juu," Wasil alisema.

"Najua."

"Nakuambia tu."

"Kaza breki, mzee wangu, usiniambie."

Ndani kulikuwa kumejaa. Meza zilipangwa ukutani: hapa sindano ya mafua, pale watu wa bima, kule sumaku za kubandika kwenye friji zenye uso wa mheshimiwa. Mwisho wa ukumbi wanawake wa kanisani walikuwa wakigawa pierogi, zile sambusa za kuchemshwa zenye viazi na jibini ndani, zimelowa siagi na vitunguu. Kusema haki, nusu ya wazee waliitikia harufu ya vitunguu, si jina la Ruckley. Stella Hudock, aliyekuwa akifinyanga pierogi pamoja na Verna kila Jumanne tangu enzi, aliwaona wakiingia. Aliutazama uso wa rafiki yake, akaliweka pawa chini.

Mheshimiwa alikuwa na kipaza sauti. Alikuwa mwanamume mrefu, mkunjufu, mwenye kumbukumbu nzuri ya majina, na pengine hakuwa na dhambi kubwa kuliko ya kupenda kupendwa. Aliwaona mlangoni, uso ukamng'aa.

"Na tazameni nani hawa," alisema, na spika zikasema pamoja naye. "Mzee Wasil Yurkanin na Mama Verna. Mliwasoma kwenye jarida letu. Hii ndiyo kazi ya ofisi yangu, ndugu zangu. Mtu wetu anakwama, sisi tunamkwamua."

Watu walipiga makofi. Verna alikisukuma kiti katikati ya ukumbi, watu wakipisha na kumgusa Wasil begani, mpaka magurudumu yakafika kwenye viatu vya mheshimiwa. Bi Kaylin alikuwa pembeni na kamera, akitikisa kichwa polepole, akiomba kwa macho. Verna alilichukua blanketi na mfuko wa dawa kutoka magotini kwa mumewe, akamtwika mheshimiwa mikononi. Mheshimiwa alipokea bila kufikiri, kama mtu aliyezoea kupewa vyeti na maua.

"Asante," Verna alisema. "Miadi yake ni saa tano. Sasa ni saa nne na robo. Twende."

Mheshimiwa alicheka kidogo. "Twende wapi, mama?"

"Millard. Kwenye mashine. Umeandika kwamba umempatia gari, na sisi tumekuja kupanda."

Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake, chini ya blanketi, na kila neno lilikuwa likitoka juu ya vichwa vya watu. Mtu mmoja nyuma aliuliza, basi halikurudi? Mwingine akasema nyamaza, sikiliza.

"Mama Verna, hili tukalizungumze pembeni. Kaylin atawashughulikia."

"Kaylin hakuandikwa. Ungeandika Kaylin ningemfuata Kaylin. Tazama, basi halipandi kwetu, halijapanda tena hata siku moja. Jirani yetu alisoma maneno yako akaacha kuja, na Jumatatu mume wangu amekosa mashine. Usiku kucha nilimshika asizame kwa maji yake mwenyewe. Leo nimemteremsha mpaka hapa kwa mikono hii, na kumpandisha siwezi. Usipompeleka wewe, basi atakaa hapa hapa miguuni pako mpaka mwisho wa shughuli, na hawa wote waone jinsi mtu anavyokwamuliwa."

Sauti yake ilitetemeka, akaiacha itetemeke. Hawa ni watu wasiopenda kusemana mbele za watu, na wengi waliangalia viatu vyao. Wasil peke yake alikuwa amekaa wima, ameuangalia uso wa mheshimiwa, mikono chini ya mapaja.

"Mheshimiwa," alisema kwa upole wake uleule, "mimi ningeanza kuondoka. Pale kwenye reli huwa kuna foleni."

Stella Hudock alivifunika vyombo vya pierogi, kimoja baada ya kingine, vifuniko vikigongana. Wanawake wenzake walimtazama, wakafunika na vya kwao.

"Tunasitisha chakula kidogo," Stella aliutangazia ukumbi bila kipaza sauti, wala hakukihitaji. "Duane akishampakia Wasil tutaendelea. Gari lake si liko nje, limeandikwa jina kwa herufi kubwa kama za benki. Hatapotea."

Hapo mzee mmoja mwenye sahani tupu akasema, "Mpeleke, bwana," na mwingine akadakia, "Mpeleke, tuna njaa," na sauti zikaongezeka, si za fujo, sauti za watu wazima wamechoka. Mheshimiwa aliwaangalia wapiga kura wake. Alikuwa mjinga wa mambo mengi lakini si wa kuhesabu vichwa. Alizima kipaza sauti, akalikumbatia blanketi, akatafuta funguo mfukoni.

*

Gari lake lilikuwa refu kwenda juu, na iliwabidi vijana wawili wa zimamoto wamnyanyue Wasil. Walipopita reli ndipo mheshimiwa aliposema.

"Ungeniomba faraghani, Mama Verna. Ningefanya."

"Nilikuomba faraghani mwezi wa nane," Verna alijibu kutoka kiti cha nyuma. "Ukaja na kamera."

Mheshimiwa aliitazama barabara. Baadaye aliuliza ni mara ngapi kwa juma. Wasil akamwambia. Akauliza na theluji ikianguka je? Wasil akamwambia theluji ikianguka ni hivyo hivyo, damu haijui theluji. Kwa muda baada ya hapo Verna karibu amwonee huruma, akajizuia.

Kituoni muuguzi alimpokea Wasil kwa furaha, akamsukuma ndani mpaka kwenye safu ya mashine. Mheshimiwa alimkabidhi Verna blanketi, akajipangusa mikono, uso wake ukianza kurudi ulivyokuwa.

"Haya, mama. Tumefika kwa wakati. Nimefurahi, kweli kabisa. Kaylin atawapigia Jumatatu asubuhi."

"Unakwenda wapi?"

"Ukumbini. Watu wananisubiri."

"Na kurudi? Nani atamrudisha?"

Mheshimiwa alisimama na funguo mkononi. Ilikuwa wazi kwamba kurudi hakukuwa kumempitia akilini kabisa.

"Inachukua muda gani?" aliuliza.

"Saa nne. Mara nyingine zaidi, damu ikisumbua."

Chumba cha kungojea kilikuwa na viti vya plastiki na televisheni isiyo na sauti, na watu kumi na kitu waliowaleta wenzao, wake kwa waume, kutoka mitaa yote ya eneo lake la uchaguzi. Walikuwa wamekwisha mtambua. Mwanamke mmoja mwenye mguu wa bandia aliondoa mkoba wake kwenye kiti cha jirani ili kumpa nafasi. "Wewe si Ruckley?" alisema. "Hebu keti hapa. Nina jambo la maji ya bomba ninalokuandikia tangu mwaka juzi." Mzee aliyekuwa karibu naye akasogeza kiti chake mbele, na aliyekuwa nyuma ya huyo akasema baada yako ni mimi.

Mheshimiwa aligeuka kuutazama mlango. Verna alikuwa amevuta kiti akakiweka pale pale mlangoni. Akaketi, akavua viatu vilivyombana, akakunja mikono.